Katekista Aliyeahidi Mvua: Mwalimu Venansi Ndayisenga (1953–2024)

Baba yetu mpendwa, Mwalimu Venansi, alizaliwa Ruyigi, Burundi, mwaka 1953, akasoma huko shule ya msingi. Mwaka 1972 alikimbia mauaji, akafika Ulyankulu, Tanzania, akalima tumbaku. Baada ya mafunzo Tabora alifanywa katekista wa kigango chetu. Mwaka 1977 alifunga ndoa na mama yetu, Benigna.

Hatutampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, mwenyewe asingependa. Baba alipenda mno kujua. Mtu akifiwa, au bani la kukaushia tumbaku likiungua, alikuwa na sababu ya Mungu tayari mdomoni.

Novemba 2005 mvua ilichelewa. Jumapili moja akatangaza kanisani: “Hamishieni miche shambani. Nimefunga, nimesali, Jumapili ijayo mtakuja hapa mmelowa.” Watu wakamwamini, ndiye mwalimu wao. Lo, jua likawaka hadi Desemba na miche ikakauka. Jirani yetu Masolwa, aliyepanda kuliko wote, alikosa mavuno. Akaacha kanisa, na salamu ya baba akaacha kuipokea.

Baba alivua kanzu mbele ya waumini, akaomba radhi. Alisema amesoma miaka mingi jinsi Mungu alivyomuuliza Ayubu kama mvua ina baba, naye akajifanya ndiye huyo baba. Tangu hapo, akiulizwa mambo ya Mungu yasiyojulikana, aliweka mkono mdomoni kama Ayubu. Lakini Masolwa hakulainika, na jambo hilo lilimuuma baba sana. Kila Krismasi alikwenda kubisha hodi kwake. Mara nyingi aliyemwitikia ni mbwa.

Januari 2024 baba aligundulika ana saratani ya tumbo. Alitibiwa Tabora, kisha akaomba arudishwe nyumbani. Mwezi Juni, bila kuitwa, Masolwa aliingia, akaketi kitandani kwa baba.

“Mwalimu, Mungu anakutesa hivi kwa nini, wewe mtu wake?”

“Sijui, Masolwa.”

Masolwa akamshika mkono. “Basi tusali,” akasema, na sala akaianza yeye. Baba alilia, nasi tukalia. Alifariki alfajiri ya Ijumaa, tarehe 14 Juni 2024.

Ameacha mjane, Benigna, watoto Fideli, Esperansi na Advera, wajukuu wengi, na Mzee Masolwa, aliyetuomba tumtaje hapa kama ndugu wa marehemu.

Ee Bwana, mpokee mtumishi wako, apumzike katika amani yako.