Sululu Mia Mbili

Wasikilizaji wapendwa, katika redio hii hakuna anayewajua ndege kunishinda mimi. Mkinibana sana, namjua kuku. Tena awe sahanini.

Aliyewajua ni kaka yangu, fundi saa, tuliyemzika Jumamosi. Miaka arobaini aliinamia saa za watu mpaka macho yakamzimikia. Alikuwa haoni. Nasema tena kwa mliofungulia sasa hivi: kaka alikuwa haoni.

Lakini kila mwisho wa kiangazi, ndege wa safari wanaposhuka kupumzika, alfajiri fimbo yake iligonga mlango wa chumba changu. "Amka wewe kizee, wageni wameshafika!"

Tulipita kwanza msituni, nyuma ya kiwanda cha mbao. Vijindege vya kutoshea kiganjani viliimba, naye akavitaja kimoja kimoja kwa sauti zao. Kisha ufukoni, maji yamekupwa, ambako ndege waitwao sululu huchokoa tope kwa midomo iliyopinda kama sindano ya magunia. Hapo alinishika bega. "Wangapi?" Nami nikahesabu.

Mwaka wa kwanza, mia mbili. Halafu malori yakaja kumwaga vifusi. Mwaka uliofuata, saba. Saba, wasikilizaji! Na daktari alishaniambia, "Mzee huyu anaishi kwa kutembea. Siku akigoma kutoka kitandani, jiandaeni."

"Wangapi?"

"Mia mbili, kaka."

Miaka sita nilisema mia mbili. Mwaka jana palikuwa na upepo mtupu. Nikasema mia mbili. Alisimama, uso kauelekeza pale pasipo kitu, akatabasamu. Nilihisi wapo kweli, ila asiyeona ni mimi.

Tangu Jumamosi, kila kukipambazuka, sululu analia chumbani mwake. Mlio ule ule unaopanda, kama mtu anayeuliza jambo. Juzi nilisimama koridoni, mkono kwenye kitasa, nikashindwa kufungua. Nikamwita mjane wake.

"Wifi, unamsikia?"

"Namsikia. Kwani si mimi ninayekiwasha? Kinasa sauti chake. Hakikumtoka mfukoni hata siku moja. Hukujua?"

Sikujua.

Kwa wifi yangu, kwa watoto, kwa mafundi wenzake wote, poleni sana. Nanyi mlio nyumbani, kesho fungueni dirisha kabla ya kufungua redio. Mkisikia kimya, jiulizeni kimeanza lini, na nani alikuwa akiwaambia kuwa hakipo.

Wifi ameniomba niwawekee mkanda wa mwaka jana. Sijausikiliza, nimeogopa. Haya, naubonyeza.

Huo ni upepo. Hiyo ni sauti yangu, "Mia mbili, kaka." Upepo tena. Na huyu sasa ni yeye, ananong'ona:

"Hesabu yake, mia mbili. Hesabu yangu, hakuna hata mmoja. Mwaka wa sita huu, mwongo yule hata tarakimu habadilishi. Kesho nitamwamsha tena. Nisipomtoa nje, ataozea kitandani."