Dakika Kumi na Mbili za Mama King'ora

Ndugu wafiwa, majirani, na ninyi wa idara ya bandari mliosimama nyuma kama mnaotaka kuondoka mapema, naomba mnisikilize mpaka mwisho, mimi ni mdogo wake marehemu, fundi wa kuchomelea, shule niliishia darasa la tano na yaliyobaki nilijifunza mwenyewe, kwa hiyo nitasoma kama nilivyoandika.

Dada yetu alizaliwa tarehe 2 Juni 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha barafu, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano, akaanza shule ya msingi mwaka 1959 na kumaliza mwaka 1965, na tangu utotoni hakuweza kutulia, mama alikuwa akisema huyu mtoto amekalia siafu.

Tarehe 5 Februari 1973 aliajiriwa bandarini kuwa msomaji wa kipimo cha maji, kazi ambayo wengi wenu hamuijui, kwenye kibanda mwishoni mwa gati kuna bomba refu lililoshuka baharini, ndani yake kiboya kinapanda na kushuka na maji, kiboya kinavuta waya, waya unasogeza kalamu, na kalamu inachora kwenye karatasi usiku na mchana. Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 14 Agosti 1976 na fundi mitambo wa kiwanda kile kile cha barafu, mtu mpole, ndiye pekee aliyeweza kumtuliza, alikuwa akimwambia tu, "Kaa ule, mke wangu, bahari haijahama," wakajaliwa binti mwaka 1978 na mwana mwaka 1981.

Sasa nafika mahali ambapo kikao cha familia cha jana kiliniambia niruke. Siruki.

Jumanne tarehe 9 Machi 1993, saa nne na dakika sita asubuhi, ardhi ilitikisika, vikombe vikagongana, watu wakacheka wakaendelea na shughuli zao, na ilipofika saa nne na dakika thelathini na moja kalamu ilianguka mpaka chini kabisa ya karatasi, dada akafanya alichokuwa akifanya karibu kila wiki, alidhani waya umechomoka kwenye gurudumu lake, akachukua bisibisi, akafungua kifuniko, akakagua waya, akautia grisi, dakika kumi na mbili, mpaka alipomulika tochi ndani ya bomba na kuona halina maji, akatoka nje akakuta mashua zimelala ubavu kwenye tope, na watu wameshuka na ndoo kuokota samaki. Ndipo akakimbilia king'ora.

Baadaye alitufundisha, kwa beseni na sinia, kwamba sakafu ya bahari ilikuwa imenyanyuka mbali huko, ikasukuma maji yote kuanzia chini hadi juu, na maji hayo kwenye kina kirefu huenda kwa mwendo wa ndege bila hata meli kuyahisi, yakifika penye kina kifupi hupunguza mwendo na kuinuka, na wimbi la kwanza si lazima liwe ndilo kubwa. Hilo la mwisho siku ile hatukulijua. La kwanza lilifika magotini, shemeji yangu, aliyekuwa ameshafika kilimani salama, akarudi kufunga gesi ya mitambo ya barafu isije ikaua watu, wimbi la tatu likapita juu ya paa la kiwanda, na mpaka leo hatujampata. Walikufa watu mia mbili na kumi na wanne, wengi wao wale wa ndoo.

Mkuu wake wa kazi, akitaka kumwokoa, aliandika kwenye ripoti kwamba chombo kilikuwa kibovu, dada akakata mstari ule akaandika kwa mkono wake, "Chombo kilikuwa kizima, niliyekosea ni mimi, dakika kumi na mbili," akasimamishwa kazi miezi saba, na mama mmoja wa sokoni, aliyepoteza watoto watatu, akamtemea mate mbele za watu, dada hakujifuta.

Aliporudi kazini alipaka rangi nyekundu mlango wa kibanda, akaandika KIMBIA KWANZA, KAGUA BAADAYE, na mpaka anastaafu tarehe 2 Juni 2011 alipiga king'ora mara nne, mara zote nne ilikuwa waya kweli, mji mzima ukapanda kilimani bure, mkamwita Mama King'ora, na muuza nyama yupo hapa, nimemwona, yeye alimfokea kwamba mbwa wamemaliza nyama yote buchani, akajibiwa, "Wewe unafoka, mbwa wameshiba, wote mko hai, tatizo liko wapi?"

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2016, na Jumanne wiki hii aliniita akaniambia nisimpambe, dakika zibaki kumi na mbili, akafariki Alhamisi tarehe 14 Machi 2019, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka 67.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhamisha kitanda mara tatu mpaka akaiona bahari, majirani, wafanyakazi wenzake, na yule mama wa sokoni, ambaye tangu juzi amekaa sebuleni kwetu, mama, tumekuona.

Binti yake hayupo hapa msibani, msimseme, yuko kibandani, zamu ni yake, na mama yake alikataza kalamu kuachwa peke yake. Basi king'ora kikilia kabla hatujamaliza, wekeni jeneza chini, pandeni kilimani, wazee na watoto mbele, msione aibu, tukibaki, wa kwanza kutugombeza atakuwa marehemu mwenyewe. Dada, umesimama vya kutosha, bahari tunaiangalia sisi, pumzika kwa amani.