Bosi Aliyesema Tusitupe Taulo

Benchi lenyewe ni ubao mmoja uliolazwa juu ya madebe mawili ya rangi, mbele ya kibanda cha fundi redio, pale njia mbili zinapokutana na kila gari hulazimika kupunguza mwendo. Alasiri zote hukaa watu wale wale. Yupo fundi mwenyewe, ambaye jina lake la kuzaliwa limeshasahaulika na hata mkewe humwita Redio. Yupo Mwalimu, aliyefundisha Kiingereza miaka thelathini, akastaafu, na sasa hana wa kumsahihisha ila sisi wapita njia. Na yupo Shangazi, mwenye chupa mbili za kahawa na ulimi usiobembeleza mtu. Wa nne ni Mapasi, mpiga pasi wa kiwanda cha dobi, kile kinachofua mashuka ya hospitali na ya hoteli. Kwa miaka kumi na tisa Mapasi hajawahi kufika kijiweni na shati lenye mkunjo. Siku hiyo alifika amechelewa, na shati lilikuwa na mikunjo tele.

– Mapasi, nani kafa? akauliza Shangazi.

– Hajafa mtu. Tumeambiwa tusitupe taulo.

Redio alianza kucheka, akamtazama usoni, akaacha. Shangazi akamimina kikombe bila kuombwa. Mapasi akakishika kwa mikono miwili, ile mikono yenye alama za moto mpaka kwenye viwiko, lakini hakunywa. Njia nzima alikuwa akijibizana na mtu asiyekuwepo.

– Meneja mpya katuita wapiga pasi wote sita, akasema. Katupanga mstari mbele ya sanduku la mashine iliyokuja juzi. Shuka unaliingiza bichi upande huu, linatoka upande wa pili limenyooka na limekunjwa. Tukajua leo ndiyo leo. Jamaa akaongea dakika arobaini, Kiingereza kitupu, msimamizi wetu anatafsiri neno kwa neno.

– Akasema nini?

– Akasema mpira sasa uko upande wetu.

– Mpira gani?

– Ndiyo nikuulize wewe. Mle ndani kuna mashuka, foronya na mvuke. Akasema uwanja umesawazishwa. Akasema hakuna atakayepigwa chini ya mkanda. Halafu akanitazama mimi, mimi kabisa, akasema siku ngumu zinakuja lakini tusitupe taulo. Ndugu zangu, taulo! Nimefua taulo, nimekausha taulo, nimekunja taulo za hoteli nne miaka kumi na tisa. Ikikosekana moja tu kwenye hesabu, hatuondoki mpaka ionekane. Leo mtu wa miezi miwili ananiambia mimi nisitupe taulo.

Mwalimu akakohoa kile kikohozi chake cha darasani.

– Hiyo ni lugha ya ndondi, akasema. Bondia akizidiwa, mtu wake wa pembeni anarusha taulo ulingoni, pambano linaisha. Waingereza wakaichukua, wakaipaka kwenye kila kitu. Mke kachoka na mume, katupa taulo. Mtoto kashindwa hesabu, katupa taulo.

– Kwa hiyo bondia mwenyewe hatupi?

– Hatupi. Yeye kazi yake ni kupigwa.

– Basi hapo meneja kasema kweli bila kujua, akasema Mapasi.

– Haba na haba hujaza kibaba, akadakia Redio, ambaye methali zake hazijawahi kukutana na jambo linalozungumzwa. Mimi nasikiliza mpira tangu redio zinatumia betri nane. Hawa mabosi nawajua. Wote walikataliwa kwenye timu za shule. Mtu akikataliwa uwanjani anatafuta uwanja ofisini. Huko anakuwa nahodha, anakuwa refa, na mpira ni wake.

– Si kukataliwa, wanafundishwa, akasema Mwalimu. Kuna semina. Wanafungiwa hotelini siku tatu, wanafundishwa namna ya kuongea saa nzima bila kusema ndiyo wala hapana.

– Na mashuka ya hiyo hoteli nanyoosha mimi, akasema Mapasi.

Hilo lilimuuma kuliko alivyotegemea. Alijiona akisimama juu ya meza yake, anabonyeza pembe za foronya ili mtu alale vizuri, aamke, aende kujifunza jinsi ya kumzungusha yeye.

Mwalimu alikuwa ameshapata moto. Akaeleza kwamba Mwingereza akisema ameshinda huku mikono iko chini, huyo ni mpanda farasi aliyelegeza hatamu kwa sababu wenzake wako mbali nyuma. Akisema mtu katangulia bastola, huyo ni mkimbiaji aliyeondoka kabla ya mlio. Akilalamika kuwa amesimama panaponata, hiyo ni kriketi, uwanja umeloa na mpira hautabiriki.

– Yaani nchi nzima ilikuwa inacheza? akauliza Shangazi. Nani alikuwa anafua?

Mwalimu akanywa kahawa.

– Mnaona karibu, akasema Redio, akisogea mbele mpaka ubao ukalia. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawa Waingereza mpira walituleteaje? Bure. Nani huleta kitu bure? Walitaka tuzoee filimbi. Mtu aliyezoea filimbi, ukimpulizia anasimama, hata kosa halijui. Leo hawahitaji tena kuja na filimbi yenyewe, wanasema tu kipindi cha pili, na sisi tunasimama.

– Imefika mpaka hospitali, akasema Mwalimu, akiacha ualimu wake kando. Daktari kamwambia dada yangu nyonga yake iko kwenye dakika za nyongeza. Mama mtu mzima kaja nyumbani analia, anatuaga.

– Mimi mume wangu wa kwanza aliniambia ananipumzisha benchi kidogo, akasema Shangazi. Mwaka wa kumi na moja huu, sijaitwa kuingia.

Redio akapiga paja.

– Wanatupiga danadana tu hawa watu.

– Na wewe usiniletee danadana, akasema Mapasi kwa ukali. Hata sisi tumeoza. Umenionea huruma, ukafungua mdomo, umetoa mpira.

Redio akatafuta neno lingine la kufanyiwa hivyo. Alihangaika nalo muda mrefu, na nyuso za wenzake zilionyesha kwamba nao walikuwa wanatafuta.

– Wanakuzungusha, akasema hatimaye.

– Hapo sawa.

– Lakini wewe hukuuliza? akasema Shangazi. Mtu mzima na meno yako, umesimama dakika arobaini umekunja mikono?

– Niliuliza.

Mapasi akaweka kikombe chini, kwenye vumbi, katikati ya viatu vyake.

– Nilinyoosha mkono. Nikasema, bosi, mimi nipo au sipo? Msimamizi akatafsiri vizuri kabisa, nilisikia. Meneja akatabasamu. Akasema swali zuri sana, ila sasa tuko mapumziko. Akasema wengine wataanza, wengine watakaa benchi, lakini timu ni moja. Basi. Akafunga daftari.

– Halafu?

– Halafu kimya.

– Halafu?

– Tukapiga makofi.

Gari lilipita, likapunguza mwendo, likaongeza. Hakuna aliyecheka, hata Redio, ambaye hucheka mazishini.

– Makofi ya nini? akauliza Mwalimu polepole.

– Mimi ndiye niliyeanza, akasema Mapasi. Nilimwonea haya. Mtu kamaliza kusema, kasimama pale na daftari lake, watu sita wanamtazama tu, hakuna hata wa kumwambia ahsante. Mimi nimelelewa na bibi. Mgeni akimaliza kusema unamwitikia. Nikapiga makofi mawili ya kumsitiri, wenzangu wakafuata, na mwishowe tukapiga kwa nguvu kabisa. Ndipo akashika kifua, akasema ahsanteni kwa kuafiki. Msimamizi akaandika. Nilimwona akiandika.

Hapo benchi lilichemka. Shangazi alitukana tusi moja la zamani ambalo vijana hawalijui tena, akamwomba Mwalimu radhi, akalirudia. Watu wamemchukulia mtu adabu yake wakaigeuza sahihi ya kukubali, akasema, na huo ni wizi wa mchana kweupe. Redio akataka Mapasi aende kesho na filimbi yake, ampulizie meneja kila akifungua mdomo. Mwalimu akasema la hasha, hili linataka barua, na kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha michezo tupu, ili meneja aonje dawa yake. Akatoa bahasha mfukoni, akaanza kuandika mgongoni mwake. Aliweka ngalawa za mashindano, akaweka sataranji, akaweka kurusha mkuki.

– Andika nipo au sipo, akasema Shangazi. Maneno matatu.

– Hayo si ya kiofisi, Shangazi.

– Ndiyo maana hayajibiwi.

Redio akamshika Mapasi bega. Alitaka kumfariji, masikini, na kama kawaida yake akashika methali iliyokuwa karibu.

– Tulia, ndugu yangu. Asiyekubali kushindwa si mshindani.

– Nani kashindana? akasema Mapasi. Alisimama, na kahawa ikamwagikia viatu vyake. Nani alisema mimi nashindana? Nilikuwa kazini. Nilikuwa napiga pasi. Miaka kumi na tisa naingia mlango ule, sikuvaa jezi, sikusajiliwa timu ya mtu, sikumwomba yeyote acheze na mimi. Halafu siku moja wananiambia mchezo uko mapumziko. Ulianza lini?

Mkewe alikuwa amesimama nyuma yake. Mama huyu anashona sare za shule mtaa wa pili, na kwa kawaida hupita upande ule mwingine wa barabara, akawapungia mkono, akaenda zake. Kijiwe ni cha watu wenye nafasi, husema, na yeye nafasi hana. Leo alikuwa amevuka, mkoba begani, vipande vya nyuzi za buluu vimemng'ang'ania kwenye mikono ya gauni.

– Shikamoo, Mwalimu.

– Marahaba, mwanangu.

– Shemeji, karibu kahawa, akasema Redio, akipangusa ubao kwa kiganja.

– Ahsante, shemeji, sikai. Nimesikia habari za mashine. Mke wa mwenzake wa kazini kaja dukani analia, nimemsikiliza mpaka mwisho, sikuelewa. Mara timu, mara uwanja. Nikasema hapa wapo watu wanaojua.

Aliwatazama wote wanne, mmoja mmoja, bila hasira.

– Sina mengi. Kesho saa kumi na moja alfajiri nimwamshe huyu aende kazini, au nimwache alale?

Redio akachukua redio ya mteja, akaiinamia, ingawa ilikuwa imeshapona tangu mchana. Mwalimu akakunja bahasha mara mbili, akairudisha mfukoni. Shangazi akashika chupa ya pili, akaiinamisha juu ya kikombe kisafi amkirimu mgeni, na hakikutoka kitu.

– Baba, akasema mkewe, akimgeukia Mapasi. Nimwulize nani basi?

Mapasi akafungua mdomo. Kilichomjia kilikuwa mpira, na uwanja, na kipindi cha pili. Akaufunga mdomo. Mkewe akahamisha mkoba bega la pili, akaendelea kumngoja.