Koplo Alikuja Kufunga Ofisi, Akakuta Benchi

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, umebanwa na ukuta wa kinyozi, na ukikaa mwisho wa kushoto peke yako unajikuta chini na kahawa mapajani. Kila asubuhi hukaliwa na watu walewale. Kuna Miwani, mstaafu wa posta, anayesoma gazeti la juzi kwa sauti kana kwamba limechapwa kwa ajili yake. Kuna Antena, fundi redio, ambaye tangu azaliwe hajawahi kutamka neno "sijui". Kuna Mama Birika, muuza kahawa, ambaye anakaa kwenye kiti chake kifupi na kumkatiza kila mtu. Mwenye ukuta, na kwa hiyo mwenye benchi, ni Wembe kinyozi, mtu wa maneno machache, ambaye husikiliza akiwa mlangoni, kitana kimechomekwa sikioni. Lakini asubuhi hiyo Wembe hakuwa akisikiliza. Polisi walikuwa wamekuja kumfungia ofisi, na ofisi yenyewe hana.

Kisa chake ni hiki. Wodi ya wazazi katika zahanati ya mtaa ilifungwa mwaka jana, ikageuzwa stoo ya viti vibovu. Wajawazito wakaambiwa waende hospitali kubwa, upande wa pili wa mji. Dada yake Wembe alikuwa mmoja wao, na hakufika. Akaacha binti mmoja, ambaye sasa anaishi kwa mjomba wake, na binti huyo akafungua tovuti. Watu wakawa wanasema humo yaliyowakuta, kwa sauti zao na sura zao, na humo ndimo walimoitana hadi wakaandamana kwenye lango la zahanati. Polisi wakatazama yote hayo, wakaamua kwamba ugonjwa uko kwenye tovuti. Waliifunga mara mbili, na mara mbili binti akairudisha kwa jina jingine. Safari hii walipoifunga, wakaamua na kumtafuta mwenyewe. Sasa, anayefungua tovuti hutakiwa aandike anwani, na binti, kwa kuwa hakuwa na ofisi, aliandika mahali anapomkuta mjomba wake kila siku: benchi la mbele ya kinyozi.

— Mngeiona sura ya Koplo! alisema Mama Birika, akimimina. Ameshika karatasi, ananiuliza mlango wa ofisi uko wapi. Nikamwambia haina mlango. Akaandika. Madirisha? Hayapo. Akaandika. Akauliza wafanyakazi ni wangapi, na huyu hapa akanyoosha mkono!

— Nilikuwa naomba kahawa! alifoka Antena.

— Umeshaandikwa. Wewe ni mfanyakazi.

— Basi mshahara wangu uko wapi?

Walicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Koplo alikuwa amemwachia Wembe maneno mazito. Alikuja na karatasi ya kubandika mlangoni, na benchi halina mlango, kwa hiyo amekwenda kutafuta mnyororo. Akirudi anataka jibu. Ama binti aifute tovuti yote kwa mkono wake mwenyewe, mbele yake, ama yeye Koplo afunge benchi, afunge na duka, na binti aondoke naye.

— Hawaiwezi, alisema Antena. Mimi nawaambia kama fundi. Tovuti haikai mahali. Iko hewani, kama redio. Ukitaka kuifunga inabidi ufunge hewa.

— Hewa! alisema Miwani. Wewe ndiyo maana redio yangu inashika vituo viwili kwa mpigo. Tovuti inakaa kwenye nyumba kubwa yenye baridi, nchi za mbali huko, ndani ya makabati. Nimesoma.

— Umesoma kwenye gazeti la lini?

— La lini halikuhusu. Makabati yana baridi hadi walinzi wanavaa makoti mawili. Sasa Koplo atafikaje huko na baiskeli yake?

— Hahitaji kufika, alisema Antena. Wana mtambo. Juu ya paa la kituo chao, hamjauona? Ule unaofanana na sufuria. Ule unanyonya. Mtu akiandika neno "wodi" kwenye simu yake, sufuria inalinyonya kabla halijafika kwa mwenziwe.

— Ndiyo maana jana nilimwandikia mwanangu aniletee sukari, hakuleta, alisema Mama Birika. Kumbe ni sufuria.

— Cheka tu. Wakishamaliza neno "wodi" watachukua "zahanati". Kisha "mzazi". Mwisho watafunga herufi moja moja. Kesho unaamka unataka kumwita mama, huna M.

Miwani akavua miwani yake, akaifuta kwa ncha ya shati, ishara kwamba sasa atasema jambo kubwa.

— Bwana, mimi nimefanya kazi posta maisha yangu yote. Barua hazifungwi kwa kufunga herufi. Zinafungwa kwa kufunga mtu wa posta. Hao watakamata kila anayeijua tovuti. Watatujaza mle ndani mtaa mzima, na mtaa ukishahamia rumande, nani atabaki kulinda? Polisi watalazimika kukaa huku kwetu, kwenye nyumba zetu, na sisi kule. Wao ndio watakaokosa wodi. Ndipo itakapofunguliwa!

— Mpango mzuri, alisema Antena kwa heshima ya kweli.

— Nyinyi wanaume mna vichwa vikubwa, alisema Mama Birika. Mnahangaika na sufuria na makabati. Ile video ya kwenye tovuti, ya mkunga wa wodi akilia, mimi ninayo kwenye simu. Dada yangu anayo. Fundi cherehani anayo, wateja wake wote wanayo. Mke wa Koplo anayo, mimi mwenyewe ndiye niliyemtumia, na akaniambia aliitazama mara tatu akitwanga. Aanze basi kufunga simu ya mkewe, tuone atakula wapi.

Wembe aliyasikia hayo kwa mbali. Alikuwa amesimama mlangoni, ametazama barabara ile Koplo aliyoondokea. Nyuma yake, chini ya kioo, mpwa wake alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja, kompyuta mapajani. Kila kitu alikuwa amekihifadhi. Marafiki zake wa nje walishampa nafasi mpya na jina jipya, na kilichobaki ni kubonyeza. Lakini hakubonyeza. Anwani ilikuwa ya mjomba, na mnyororo ungefungwa kwenye mlango wa mjomba.

Binti akatoka, akasimama kando yake.

— Mjomba, shikamoo yangu umeipokea tangu asubuhi. Jibu langu bado.

— Marahaba yako nilikupa.

— Marahaba si jibu.

Wembe akakitoa kitana sikioni, akakitazama, akakirudisha.

— Mama yako aliniachia wewe, alisema. Hakuniachia tovuti.

— Mama yumo mle, Mjomba. Picha yake ndiyo ya kwanza. Mtu akifungua anakutana naye kwanza, amevaa ile kanga yake ya njano. Wao wakiifunga, wameifunga wao. Mimi nikiifuta, nimemfuta mimi.

Wembe alimpenda yule mtoto kupita kiasi, na aliogopa, tuseme wazi. Aliwahi kumnyoa kijana mmoja aliyetoka rumande, akaona yaliyokuwa chini ya nywele. Usingizi wake wa siku nyingi uliishia pale. Lakini kulikuwa na jambo jingine. Mle kwenye tovuti mlikuwa na sauti za mtaa mzima isipokuwa yake. Binti hakuwapo siku ile, alikuwa shule. Aliyemsukuma mama yake kwenye mkokoteni, kwanza hadi lango la zahanati, ni Wembe. Binti alishamwomba mara nyingi aseme, na kila mara Wembe alijibu kwamba ana wateja, hata duka likiwa tupu.

— Ukisema nifute, nitafuta, alisema binti, na macho yake yakajaa. Sitakulaumu. Ila useme wewe kwa mdomo wako.

— Mwanangu...

— Anakuja! alisema Mama Birika.

Koplo alikuja akiburuta mnyororo, na nyuma yake askari mwenziwe mwenye kufuli mbili. Ulikuwa mnyororo wa kufungia lango la gari, mnene kama mkono, na jasho lilikuwa likimtiririka mtu wa watu. Akautua chini kwa kishindo.

— Haya, inukeni.

Hakuinuka mtu. Antena aliushika ubao kwa mikono miwili.

— Mimi ni mfanyakazi hapa, alisema. Nimo kwenye karatasi yako.

— Mzee, usinitanie. Kinyozi! Jibu langu liko wapi?

Wembe akafungua mdomo. Alikuwa karibu kusema "atafuta". Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, na mpwa wake aliliona likija, akainamisha kichwa.

Hapo ndipo akatokea mwanamke. Hakuna aliyemjua. Alitoka upande wa sokoni, anatembea taratibu, mkono mmoja kiunoni na mwingine umeshika mfuko, na tumbo lake lilikuwa limeshashuka, la mtu ambaye siku zake zimekaribia. Akaupita mnyororo kwa kuinua mguu mmoja mmoja, akasimama mbele yao akihema.

— Hamjambo? Samahani, naomba nikae.

Miwani akaruka kumpisha. Antena akasogea kulia ili ubao usipinduke. Mama Birika alikuwa ameshamletea maji. Mwanamke akanywa yote, akashukuru, akamtazama kila mtu kwa zamu.

— Nimekuja kuulizia hapa, alisema. Nilikuwa nasoma kwenye simu habari za wodi. Leo nafungua, hakuna. Lakini anwani nilikuwa naikumbuka, mbele ya kinyozi, nikasema niende mwenyewe. Nilitaka kujua tu, inafunguliwa lini?

Miwani, mwenye habari za dunia nzima, alilikunja gazeti lake likawa dogo, akaendelea kulikunja. Antena akakohoa.

— Sijui, dada, alisema Antena, na Mama Birika akamgeukia, maana neno hilo hakuwahi kulisikia kwake.

Mwanamke akaona sare. Uso wake ukapata matumaini kidogo, na akamgeukia Koplo kwa adabu zote.

— Kumbe serikali mpo. Afande, wodi inafunguliwa lini?

— Mimi... Hilo si langu, mama.

— La nani?

Koplo akamtazama mwenziwe. Mwenziwe akazitazama kufuli.

— Maana nikianza uchungu sina gari, aliendelea mwanamke, bila ubishi wowote, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya. Ndiyo nauliza. Wanaojua ni nani, niende kwao?

Wembe alikuwa amewahi kulisikia swali hilo. Dada yake alimuuliza mlinzi wa zahanati kwa sauti hiyohiyo ya adabu, amejishika kiuno hivyohivyo, na mlinzi akajibu kwamba yeye kazi yake ni lango. Hasira ikampanda kinyozi yule mpole kutoka miguuni. Alishangaa kuona kwamba hofu ilikuwa bado ipo, haikuondoka, ila haikuwa tena na nguvu ya kumfunga mdomo.

— Mwanangu, alisema. Irudishe.

Binti akainua kichwa.

— Sasa hivi?

— Sasa hivi, afande akiwa hapa, asije akasema tulijificha. Anza na swali la huyu dada. Kama lilivyo, usiongeze neno.

— Kinyozi, alisema Koplo, na sauti yake haikuwa ya ukali, ilikuwa ya mtu anayeonya. Unajua unachokifanya?

— Najua, afande. Funga benchi. Funga na duka. Kiti na mkasi nitavibeba, kuta za kuegemea ziko nyingi. Lakini huyu ukimchukua, unanichukua na mimi, tena tutakwenda kwa miguu, katikati ya barabara, mchana huu, watu wakiona. Na kila atakayeuliza tumekosa nini, nitamwambia tuliuliza wodi inafunguliwa lini.

— Na mimi nimo, alisema Mama Birika. Birika langu nakuja nalo.

Koplo aliuinua mnyororo, akautazama ubao, akamtazama mwanamke aliyekaa juu yake akijipangusa uso kwa ncha ya mtandio, akabaki ameushika. Binti alikuwa ameingia dukani, amekwisha kubonyeza. Akatoka na simu, akamrekodi mwanamke akiuliza swali lake mara moja tu, kisha akaanza kuishusha.

— Usizime, alisema Wembe.

Akavua aproni yake yenye nywele za watu, akaikunja, akaketi kwenye benchi upande wa kushoto wa mwanamke, akaweka mikono juu ya magoti. Mpwa wake akamwelekezea simu, machozi yakimtoka, hakuyafuta.

— Mimi ni kaka yake, alisema Wembe. Mkokoteni niliusukuma mimi. Tulipofika kwenye lango la zahanati alikuwa mzima, na alikuwa anaongea.