Maji ya Kuliosha Lori Uso

Benchi la Wembe limebanwa kati ya duka la kinyozi na gereji, na mguu wake mmoja ni rimu ya gurudumu. Wembe ndiye kinyozi na ndiye mwenye birika, kwa hiyo ndiye mwenye kauli. Asubuhi hiyo umande ulikuwa umeganda kwenye vioo vya magari, na watu walikuwa wameshika vikombe kwa mikono miwili. Mzee Breki, dereva wa kubeba viazi, alikuwa amekaa akiwa ameligeuzia lori lake mgongo. Wiki ya tatu hiyo, tangu msimu wa baridi uanze, lilikuwa haliwaki alfajiri, wateja walikwisha kuhamia kwa wengine, na binti yake alikuwa amempigia simu mnunuzi wa vyuma chakavu. Mnunuzi alikuwa anakuja leo.

— Nimebadilisha betri, nimebadilisha stata, nimesafisha nozeli, alisema Fundi wa gereji. Kilichobaki ni kubadilisha dereva.

— Dereva huyu ana miaka ishirini na saba barabarani, Breki akamjibu. Lawama zako zipeleke kituoni kwenye pampu. Enzi zetu dizeli ilikuwa dizeli. Ikikumwagikia Jumatatu, unanuka mpaka Ijumaa. Siku hizi wanatuuzia mafuta ya kukaangia.

— Mafuta ya mimea, alisahihisha Mwalimu Chaki, ambaye alistaafu shule lakini watu hakuwastaafu. Yanachanganywa na dizeli. Mengine yalishakaangia, yakasafishwa.

— Ndiyo maana lori la Breki likipita nasikia njaa, Wembe alisema.

Walicheka, Breki naye akacheka kidogo, kwa adabu tu.

— Baridi ndiyo mchawi, Fundi akaendelea. Hata dizeli yenyewe ina nta ndani yake. Ikipigwa na baridi inakuwa nzito, inaziba filta, lile chujio la mafuta. Hii ya mchanganyiko inawahi kuganda zaidi. Mchuzi wa nyama ukilala, asubuhi si unaukuta na ukoko mweupe juu?

— Basi si ufungue hiyo filta? Wembe aliuliza.

— Nimefungua mara mbili. Saa sita mchana, mafuta safi, yanatiririka kama maji. Na betri ndiyo hiyo, imeshamalizwa na huyu mzee tangu saa kumi na moja.

Mwalimu Chaki aliweka kikombe chini. Ilikuwa dalili mbaya.

— Nisikilizeni. Yale mafuta ni ya alizeti. Alizeti hufuata jua. Nani kati yenu alishawahi kuiona alizeti imechangamka usiku? Mafuta yake yamerithi tabia ya mama yao. Hayaamki mpaka kuche.

— Basi alitafutie lori jogoo, alisema Wembe.

— Au blanketi, Fundi akasema.

Blanketi lilikuwa tayari juu ya boneti, la kijani, limetoka kitandani kwa Breki, na wote walikuwa wameliona. Tangu mkewe afariki, miezi minane sasa, blanketi moja lilimtosha. Hakutaka kulieleza hilo benchini.

— Ila kuna kitu kimoja, Wembe alisema akikuna kidevu. Huo mchanganyiko wanauuza mwaka wa tatu sasa.

Kabla hajajibiwa, gari lenye winchi liliegesha mbele yao. Akashuka mama mmoja mwenye ovaroli, kilemba na glavu za ngozi.

— Shikamooni wazee. Nimekuja kuchukua lori.

— Marahaba, waliitikia, na hakuna aliyemtazama Breki.

Mama alilizunguka lori, akagonga bodi kwa vidole, akanyanyua pembe ya blanketi na kuirudisha taratibu. Alirudi benchini.

— Haliwaki kwa sababu ya baridi?

— Baridi, wakasema.

— Mwaka jana hapakuwa na baridi?

— Baridi hii tumezaliwa nayo.

— Mafuta?

— Haya haya.

— Na lilikuwa linawaka?

— La kwanza mtaa mzima, alisema Breki, na shingo ikanyooka.

— Lilikuwa linawakaje?

Wembe akajishughulisha na birika.

— Lilikuwa linawaka tu, Breki alisema. Naingia ndani, naweka swichi. Mama watoto anakuja na birika lake, ananiambia subiri nilioshe uso. Lori lile, si mimi. Anafungua boneti, anamwaga, mvuke unapanda mpaka sioni mbele. Kisha anapiga boneti kofi mara mbili, mimi nawasha. Alikuwa na mizaha yake.

— Anamwaga wapi? Fundi aliuliza, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

— Mimi niko ndani, nitajuaje? Upande wa kushoto. Kwenye kile kikopo.

— Mzee wangu, kile kikopo ndiyo filta.

Miaka yote hiyo, kila mtu alipomsifia lori, Breki alikuwa akinyanyua mguu wake wa kulia na kusema siri iko hapa. Na yule mwanamke alikuwa akisimama pembeni na birika tupu, akitabasamu.

Wembe alimpa Breki birika. Lilikuwa limeteleka kwa duru ya pili, maji ya moto yakisubiri kahawa. Breki alienda mwenyewe. Aliondoa blanketi, akalikunja vizuri, akafungua boneti na kumwaga polepole juu ya kikopo, mpaka tone la mwisho. Mama wa vyuma alileta nyaya, akampa moto wa betri yake. Breki akapanda. Fundi alipiga boneti kofi mara mbili.

Lori likakohoa, likatoa moshi mweupe, likanguruma.

— Hili si la kwangu, alisema mama wa vyuma, akikunja nyaya zake.

Breki hakuzima. Alibaki nyuma ya usukani akilia, na hakuinama kujificha.

— Sasa kahawa yetu? Mwalimu Chaki aliuliza, akiliangalia birika tupu.

Breki alijifuta uso kwa mkono wa shati.

— Kesho, Wembe, utachemsha mabirika mawili.