Kavindu Yuko Mlangoni

Hapa Dagoretti Corner, ukipita stage ya matatu ukakunja nyuma ya kinyozi, kuna benchi moja ya mbao iliyoegemea ukuta, na mbele yake birika la Mwololo, muuza kahawa. Mimi ni Mwihaki, ingawa hapa wananiita Shosho Redio, na jina silikatai. Kushoto kwangu hukaa Kihara, tunamwita Landlodi kwa sababu ya ploti yake ya Kinoo na mdomo wake mkubwa kuliko ploti. Kulia ni Mbaluka, Soja, anayelinda geti la tajiri huko Lavington na kuja hapa asubuhi akitoka kazini, macho mekundu kama nyanya. Mwisho wa benchi ni Nzula, muuza mayai boilo. Lakini Ijumaa hiyo Nzula hakumenya yai hata moja. Alikuwa amevaa gauni la kanisa, simu iko mapajani, ameifunika kwa leso, na chini ya leso mwanamke alikuwa anaita.

— Mwaitu?

Ndivyo Wakamba wanavyomwita mama. Kisha tena:

— Mwaitu?

Sauti hiyo sote tuliijua. Ni ya Kavindu, binti yake Nzula. Tulimzika Kitui mwaka ule wa mvua nyingi, magari yakakwama matopeni, tukasukuma.

— Mama Kavindu, zima hiyo kitu, akasema Landlodi. Kahawa yangu inakataa kushuka.

— Niizime? Hiyo si ni kumfungia mtoto mlango usoni?

— Lakini si mtu! Ni simu!

— Basi kama ni simu, mbona unaogopa?

Landlodi akapuliza kahawa iliyokuwa imepoa kitambo.

Wacha niwaeleze, maana hii habari niliipata kabla ya kila mtu. Kavindu aliacha mtoto, Stacy, anasoma shule moja huko Kinoo. Shule yao imeshikana na shule ya Norwe, na watoto wa pande zote mbili wanajenga nyumba moja ndani ya kompyuta. Kila mtoto analeta sauti ya mtu wa kwao, na mwenzake wa ng'ambo anamchora mtu huyo, anamvisha, anamtembeza. Ukiingia kwenye nyumba, wageni wanakuja mmoja mmoja kukufundisha mambo ya kwao: huyu kupika samaki, huyu kukamua mbuzi. Stacy alipeleka sauti ya mama yake kutoka simu ya zamani. Mwenzake, msichana anaitwa Tuva, akamchora Kavindu mpaka mwanya wa meno.

Shida ikawa mlango. Wanorwe walipanga kila mgeni asimame mlangoni, aite, angoje kuitikiwa ndiyo aingie. Na sisi, nani anaitikia maiti ikiita? Huku husemwa ukiitika, unamfuata. Nzula alimwapisha mtoto asijaribu hata kwa mchezo. Kwa hivyo wageni wa watoto wengine wote waliingia, wakasimulia, wakacheka. Kavindu akabaki mlangoni, na huko mlangoni ndiko Stacy alikomwekea Nzula kwenye simu.

— Leo saa nane mchana nyumba inafungwa, akasema Nzula. Baada ya maonyesho huko mjini, tao, wanafuta kila kitu. Mwalimu anakuja kunichukua. Na mjukuu wangu Stacy ananiambia, Susu, mimi uliniapisha, basi wewe mwitikie. Nimechoka kusikia mama akiita tu. Nataka aseme kitu ingine.

— Usijaribu! akasema Landlodi. Unajua huko Norwe ardhi ni barafu? Haichimbiki. Ndiyo maana wafu wao wanawaweka kwa kompyuta. Sasa wamejaza wa kwao, wanachukua wa kwetu.

— Na wewe ulifika Norwe lini? nikamuuliza.

— Nina mpangaji, binamu yake aliendesha lori karibu na huko.

— Karibu na huko ni wapi?

— Dubai.

Soja hakucheka. Alikuwa anaangalia leso.

— Mimi siongei ya kusikia, akasema. Pale kwa tajiri waliweka kamera kwa geti, inajua sura. Ukiingia inasema, karibu Mbaluka. Sasa nikaenda likizo nyumbani. Kurudi, mama wa jikoni ananiuliza, wewe mbona ulikuwa unatembea uwani na husalimii watu? Nikamwambia nilikuwa Kitui. Akanionyesha rekodi ya geti. Kamera ilikuwa inasema kila asubuhi, karibu Mbaluka. Karibu Mbaluka. Na hakuna mtu amesimama hapo.

— Iliharibika, akasema Landlodi.

— Walileta fundi. Akasema iko sawa. Akaniuliza kama niko na ndugu.

— Uko naye?

— Nilikuwa naye.

Hapo hata Mwololo aliacha kupepea makaa.

— Mwaitu? ikaita simu.

Basi, kwa vile redio haikai kimya, nami nikatoa yangu, niliyoinyonya kwa Stacy mwenyewe kwa bei ya soseji moja, smokie. Tuva aliposikia kwamba huku watu hukatazana kuitika, alicheka. Akasema huo ni uoga, yeye atamwitikia. Akavaa ile miwani yao kubwa, akasimama ndani ya nyumba, Kavindu akaita, Tuva akajibu kwa lugha ya kwao. Kavindu akageuza shingo. Akamtazama yule mtoto kutoka nywele mpaka viatu, kisha akarudisha uso wake mlangoni, akaendelea kuita. Tuva akavua miwani. Tangu siku hiyo, mkitaja Kavindu, hacheki.

— Unaona! Landlodi akajipiga gotini. Anachagua! Ukimjibu, Nzula, nawe unachorwa. Utabaki hapa ukimenya mayai, lakini wewe mwenyewe uko Norwe, umekaa ndani ya barafu na Kavindu, na hapa tunasalimiana na ganda.

— Kwani huko mtaani kwako wote ni watu? Soja akamuuliza. Wapangaji wako si wanasema we huwa huitiki hata wakibisha juu ya maji?

— Hiyo ni tofauti!

— Nyamazeni, akasema Nzula, akilia bila kujifuta. Mnanipigia kelele za Norwe. Mimi nauliza moja tu. Nikimwitikia, ninafanya mbaya? Na nisipomwitikia, saa nane imefika, nitakuwa nimemzika mara ya pili, tena bila neno.

Mwalimu Muli akatokea hapo, kijana mwembamba mwenye kitambulisho cha shule shingoni.

— Mamangu, uko tayari? Mbona unalia?

Nzula akamwonyesha simu.

— Aah, hiyo isikutishe. Maneno ameandika Stacy, mashine inayasoma kwa sauti ya mama yake. Ukiitikia, anaingia, anakaa, anaeleza vile alisuka kiondo chake cha kwanza. Imeisha.

— Hakuna kitu ingine ndani?

— Hakuna. Nimeipitia mimi mwenyewe, neno kwa neno.

— Basi nitamwitikia hapa, akasema Nzula, mbele ya watu wanaonijua. Si huko kwa wageni.

Akaondoa leso. Sote tukainama. Kavindu alikuwa amesimama mlangoni kwa gauni la kijani, mkono umeshika mwimo, uso umetuelekea.

— Mwaitu?

— Naam, mwanangu, akasema Nzula. Ingia.

Mkono ukashuka. Kavindu akavuka kizingiti, akavuta kigoda, akakaa. Alimtazama mama yake kwa muda. Kisha macho yake yakaondoka kwa Nzula, yakapita polepole kwenye benchi yetu: kwa Landlodi, kwa Soja, yakafika kwangu, yakakaa.

— Mwaitu, akasema, nimewasikia mkiongea hapo tangu asubuhi. Mbona hakuna aliyeniitikia?

— Hayo hayamo, akasema Mwalimu Muli, kwa sauti ndogo. Hayo maneno hayamo.

Landlodi alikuwa anaangalia ndani ya kikombe kitupu. Soja alikuwa amesimama wima, kofia mkononi. Nami, Shosho Redio mzima, nikaokota leso ya Nzula, nikaikunja, nikaikunja tena.

Kavindu akangoja, vile alivyozoea.