Hatimaye Delmar Kvamme Aikubali ya Tano

Delmar Kvamme anatoka kazini Ijumaa hii, tarehe 30 Mei, saa kumi jioni, baada ya miaka thelathini na mitatu katika ofisi ya sherifu wa kaunti yetu. Miaka ishirini na sita kati ya hiyo amekuwa mtunza silaha. Sherifu Thorsrud ameniomba mimi, mpishi wa jela, niandike haya, kwa kuwa wote wanaojua kuandika vizuri walisema wana kazi nyingi. Mnivumilie. Delmar mwenyewe hatakuwa na la kuvumilia, maana hasomi kitu kisicho na mchoro wa springi.

Aliingia mwaka 1992 kama mlinzi wa jela, kijana wa shamba mwembamba mwenye masikio makubwa. Wembamba ulistaafu zamani. Masikio bado yapo kazini. Baadaye akawa askari wa barabarani, na kwa miaka yake huko alikamata walevi, ng'ombe waliotoroka, na mara moja mchungaji wake mwenyewe kwa mwendo kasi. Alimwandikia karatasi bila huruma, na Jumapili akaketi benchi la mbele kama kawaida, akiimba kwa sauti kuliko wote.

Mtunza silaha wa zamani alipohamia Arizona kutafuta joto, Delmar akakabidhiwa funguo za chumba cha silaha kule chini, chenye wavu wa chuma na meza moja. Tangu siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kuingia na kahawa. Ukimkuta anasafisha kitu, unasimama mlangoni unasubiri, hata kama wewe ndiye sherifu. Hasira zake zote alizimalizia kwenye vumbi.

Ni yeye pia mtu pekee katika historia ya jela hii aliyejifungia mwenyewe. Kufuli la wavu lilijibana, funguo zikakataa kulifungua, na fundi wa makufuli alikuwa ameenda kuvua samaki. Tulisubiri saa tano nzima. Nilimpitishia supu ya viazi kwa mrija.

"Chumvi haitoshi," akasema kutoka ndani.

"Mfungwa halalamiki chakula," nikamjibu. Hajanisamehe.

Sasa niseme lile ambalo wengi mnalijua nusunusu.

Bastola yetu ni Tolliver. Delmar alikuta hapa toleo lake la tatu, nasi tunaliita ya Tatu. Toleo la nne lilipita bila sisi kuliona, maana mwaka huo kaunti ilinunua mashine ya kusukuma theluji. Majira haya ya baridi kiwanda kikatuletea sita za toleo la tano tuzijaribu. Ofisi nzima ilipaswa kuchagua kufikia Aprili: tubaki na ya Tatu au twende na ya Tano. Sherifu akamwagiza Delmar aandike ripoti, naye akaandika. Ripoti yote ilikuwa maneno matatu: "Ya Tatu inatosha."

"Hukuzipiga hata risasi moja hizo mpya?" sherifu akamuuliza jikoni kwangu, mbele ya sufuria.

"Nilizitazama."

"Ukaona nini?"

"Nikaona ni mpya."

Basi hapo ndipo anapoingia Renae Schatz. Renae ni askari wetu wa barabarani wa mwaka wa tatu, mfupi, mashoto, na ana ulimi unaoweza kumshusha mkulima mwenye hasira kutoka juu ya trekta lake. Ila mkono wake ni mdogo, na ya Tatu ina mpini mmoja kwa watu wote, mpini uliochongwa kwa ajili ya mikono kama ya Delmar. Tena kitufe cha kuachia magazini, kile kikasha cha risasi, kiko upande wa kushoto, kinasubiri dole gumba la mkono wa kulia. Kila akitaka kubadilisha magazini, Renae alilazimika kuipindua bastola kama mtu anayefungua mtungi wa achari.

Kila Machi kuna mtihani wa shabaha. Risasi hamsini, lazima arobaini ziingie, na mtu anapewa nafasi tatu. Ukikosa ya tatu unavua beji ya barabarani, unakaa kwenye simu. Mwaka huu Renae alipata thelathini na saba, kisha thelathini na nane. Siku ile ya pili alikuja jikoni akaanza kumenya viazi bila kuombwa. Aliniambia akitolewa barabarani ataacha kazi arudi kwao Minot. Alimenya mfuko mzima. Tulikula viazi siku nne.

Kwa kuwa mimi siwezi kunyamaza, nikashuka chini nikamwambia Delmar. Kesho yake akamwita Renae, akampima kiganja kwa rula kama fundi viatu, kisha akatoa moja ya zile sita kwenye sanduku lake. Ya Tano ina vipande vya kubadilishia mgongo wa mpini, na kitufe chake kinahamishika. Akaweka kipande chembamba kuliko vyote, akahamishia kitufe upande wa kulia, kwa dole gumba la mashoto.

"Mzee, si ulisema ya Tatu inatosha?" Renae akamuuliza.

"Inatosha. Wewe ndiye hutoshi kwenye ya Tatu. Shika hii, nenda kafanye mazoezi."

Akafanya mazoezi wiki mbili na magazini mbili zilizokuja ndani ya sanduku, na risasi zikaanza kukaa mahali pamoja. Lakini mkanda wa askari unabeba magazini tatu. Magazini ya tatu Delmar aliitoa kwenye droo yake, nayo ilikuwa ya toleo la zamani, maana yeye hatupi kitu kizuri. Alikwisha kuzijaribu magazini kama hizo katika bastola mpya za wenzetu wa mkono wa kulia na zikafanya kazi bila shida. Aliifuta mafuta, akampa.

Siku ya mtihani ilikuwa na upepo ule unaotoka Kanada bila kupiga hodi. Uwanja wa shabaha uko nyuma ya maghala ya ngano, theluji ilifika kwenye vifundo vya miguu, na nilikuwepo kwa kuwa mimi ndiye mwenye kahawa. Magazini ya kwanza, safi. Ya pili, safi. Wenzake walianza kutazamana chini ya kofia zao. Akaweka ya tatu, akapiga moja, na magazini ikadondoka kwenye theluji. Akainama, akairudisha, akapiga, ikadondoka tena. Muda wa mtihani ukaisha.

Renae alisimama ameshika bastola tupu, akitazama karatasi ya shabaha kana kwamba ni ya mtu mwingine.

Sherifu akavuta pumzi. "Basi nimeona. Hizo za Tano zirudi zilikotoka. Delmar, ulikuwa sawa."

Hapo, ndugu zangu, Delmar alikuwa ameshinda. Ripoti yake ya maneno matatu imethibitishwa mbele ya mashahidi kumi na tisa, imebaki miezi miwili astaafu, na kitabu chake cha matengenezo hakina doa hata moja tangu siku aliyopewa funguo. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, na kunyamaza ndiyo fani yake.

Akapiga goti kwenye theluji. Magoti yale, mnayajua, yalisikika mpaka kwenye maghala. Akaokota magazini, akaifuta kwa glavu, akaigeuza huku na huku kwenye mwanga.

"Hii ni ya zamani," akasema. "Ina mkato upande mmoja tu, upande wa kushoto. Kitufe cha bastola yake nimekihamishia kulia. Hakina cha kushika. Ilikuwa imekaa kwa kubanwa tu."

"Nani alimpa?"

"Mimi."

"Una hakika?" sherifu akamuuliza, taratibu, kama anayempa mtu nafasi ya kutoka.

"Bosi, ningependa sana nisiwe na hakika. Bastola ni nzima, na mpigaji ni mzima. Mbovu ni mimi."

Kanuni yetu inasema kosa likiwa la mtunza silaha, na akiliandika na kulitia saini, mpigaji anarudia. Akaomba kalamu. Wino ulikuwa umeganda, akaupulizia pumzi mpaka ukayeyuka, akaandika kwenye kitabu kile safi: "Kosa la mtunza silaha. D. Kvamme." Kisha akazikagua magazini za masanduku mengine, moja baada ya nyingine, akampa Renae tatu zenye mikato pande zote mbili.

Renae akarudia. Arobaini na nne.

Nilimwaga kahawa kwa furaha, siyo kwa bahati mbaya. Renae alimkumbatia Delmar, naye akasimama kama nguzo ya ua. Sisi watu wa huku tunakumbatiana mazishini tu, na hapo pia kwa muda mfupi. Hata hivyo niliona dole gumba lake moja likimgonga mgongoni mara mbili, na kwa Delmar hiyo ni hotuba.

Alipata nafasi ya kuandika ripoti nyingine. Ilikuwa kurasa mbili, sherifu alidhani mtu ameiba saini ya Delmar. Ilisema: chagueni moja, msichanganye kamwe. Ikasema ya Tatu ndiyo bora kwa mkono wake, lakini yeye anaondoka na mkono wake, na atakayeajiriwa kesho hatujui atakuja na mkono gani. Twendeni na ya Tano. Kisha akazibana magazini zote za zamani kwenye jiliwa, moja moja, mpaka zikawa bapa, ili mtu mwingine mwenye roho ya kutotupa kitu asije akazikuta. Kazi hiyo ilimchukua siku mbili. Alipopanda jikoni alikula mabakuli mawili, hakutaja chumvi.

Tangu Aprili askari wetu wote wanabeba ya Tano. Renae yuko barabarani. Juzi alimshusha mtu mwenye bunduki kutoka darini kwake kwa maneno matupu, bastola ikiwa kwenye mkanda, na sote tulipumua aliposema kwenye redio kwamba anarudi na anataka chakula cha moto.

Sherehe ni Ijumaa saa nane mchana, jikoni kwangu. Bernelle, mkewe, ataleta keki ya limau.

Asante, Delmar, kwa miaka yako yote, na zaidi kwa ule mstari mmoja ulioharibu kitabu chako. Nenda salama. Samaki waume ndoano yako, maumivu ya magoti yakuache, na upate miaka mirefu isiyo na mtu wa kukuuliza ipi ni bora.